Sili ya Robo Tatu ya Inchi

Wahenga walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo nimelisikia tangu utoto, na mara nyingi nimelitumia kuwaonya wengine. Mwezi Septemba mwaka 2019 niliziba ufa kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa kuuziba huo nusura nijenge ukuta. Kisa chenyewe ni cha injini kuukuu ya mashua, na kilitokea Chamwino, mahali ambapo mtu akitaka kuiona bahari husafiri zaidi ya kilometa 400.

Msomaji atauliza injini ya mashua ilifikaje Ugogo. Jibu si gumu. Upande wa kusini, wilaya yetu inafika kwenye bwawa la Mtera, katika mto Ruaha Mkuu. Bwawa hilo lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, na mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Maji yalipojaa, samaki walikuja, na walipokuja samaki wakaja wavuvi, na wavuvi wakaja na vyombo vyao. Mwenye chombo kimoja alichoka na uvuvi, akaondoa injini yake na kuiuza. Ilikuwa injini ya Kiingereza ya silinda mbili, nzito kama ng'ombe aliyelala. Sisi kaya tisa tulichanga fedha tukainunua ili ituvutie maji ya kisima kwa ajili ya bustani za nyanya na vitunguu, mizabibu michache na birika la mifugo. Aliyewashawishi wenzake wachange alikuwa mimi. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane ambaye aliuza mbuzi watatu ili atoe fungu lake.

Injini ya mashua hupozwa kwa maji ya nje. Ikiwa ziwani huyavuta ziwani. Yetu tuliipa maji ya kisima kile kile. Kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni, yenye feni ya raba ndani yake, inayozungushwa na shafti itokayo tumboni mwa injini. Sasa fikiri: shafti moja, upande huu kuna maji, upande ule kuna oili, navyo havitakiwi kukutana hata siku moja. Kinachovitenganisha ni sili mbili, yaani pete mbili za raba zenye mdomo mwembamba unaoibusu shafti pande zote. Moja inazuia maji, nyingine inazuia oili. Katikati yake kuna nafasi ndogo, na chini ya nafasi hiyo kuna tundu jembamba linalotoka nje.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiiwasha injini asubuhi, aliniambia, "Mjomba, injini inatoa machozi." Nilikwenda nikaona tone la maji likitoka katika tundu lile, kisha jingine. Nikafikiri ni ufa. Nilichukua gundi ya chuma, nikaziba, nikafuta mikono na kurudi nyumbani nimeridhika. Mtoto aliniuliza kama tusingemwita fundi kwanza. Nilimjibu kwamba mambo mengine hayahitaji fundi.

Siku ya tisa tulipima oili tukakuta imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia tumboni.

Fundi alipofika alichokoa gundi ile kwa msumari bila kusema neno, kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mkwewe. Alisema tundu lile halikuwa kosa la kiwanda. Liliwekwa kwa makusudi. Sili ya maji ikianza kuchoka, maji hupita kidogo na kudondoka nje, nawe ukiona tone unajua una siku kadhaa za kutafuta nyingine. Ukiliziba, maji hayaachi kupita. Yanakosa njia ya nje, yanasukuma sili ya pili, yanaingia kwenye oili na kuanza kula beringi. "Mzee," alisema, "hapa palikuwa pahala pa kukuambia."

Usiku ule sikulala vizuri. Yaliyonijia akilini hayakuwa tu yale ya mama mjane na mbuzi wake. Nilimkumbuka baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa mhudumu wa pampu katika kijiji kimoja cha Ugogo. Aliianza kazi hiyo katika siku za matumaini makubwa. Mwaka 1971 ndipo Operesheni Dodoma ilipokuwa ikiwakusanya watu vijijini, na Chamwino yenyewe ikawa kijiji cha mfano ambako Mwalimu Nyerere alikuja kufyatua matofali pamoja na wananchi. Mwaka huo huo Serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini: kufikia mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Katika nchi yetu kavu, ambako mama zetu walifukua mchanga wa makorongo kutafuta maji, ahadi hiyo ilikuwa kama mvua. Visima virefu vikachimbwa, na juu ya visima zikafungwa injini za dizeli.

Wafadhili walisaidia sana, na sipendi kuwabeza. Waswidi walikwenda mikoa ya Ziwa Victoria. Wadenmark walikwenda Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi. Waholanzi walikwenda Shinyanga na Morogoro. Lakini mgeni huja na chungu alichozoea kupikia. Aina za injini na pampu zikawa nyingi, na kila aina ilitaka spea zake, kwa vipimo vyake, kutoka kwa wenyewe. Kilichotolewa bure kilikuwa mashine. Sili zake zilitakiwa kununuliwa kwa fedha za kigeni.

Na fedha za kigeni zikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na mwaka huo wa 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Waliokuwa watu wazima katika miaka ile wanakumbuka foleni za sabuni na unga. Wachache wanakumbuka kwamba hata pete ya raba isiyozidi upana wa kiganja cha mtoto ilihitaji kibali.

Baba mdogo aliandika barua. Aliandika kwa mkono wa mviringo, kwa karatasi ya kaboni, na nakala alizihifadhi ndani ya bati la biskuti ambalo sasa ninalo mimi. Barua ya kwanza inaomba sili mbili za oili na gasketi moja. Ya pili inakumbusha ya kwanza. Ya tatu inasema oili inavuja kiasi cha kikombe kimoja kwa siku. Ya nne inasema vikombe vitatu. Ya tano inaeleza kwamba mhudumu amejaribu kutumia ngozi. Majibu yaliyomo ndani ya bati ni mawili tu, na yote yanamtaka avute subira.

Juu ya ngozi ile nina jambo la kusema. Alikata kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakiloweka katika mafuta ya kondoo, akakifinyanga katika umbo la sili na kukipachika. Kilifanya kazi miezi kadhaa. Nilipokuwa kijana niliona aibu kidogo, nikidhani ni ushamba wa mtu asiye na spea. Miaka mingi baadaye nilisoma historia ya kitu hiki nikajua kwamba kabla ya raba, sili za mitambo zilikuwa za ngozi. Freudenberg wa Weinheim, Ujerumani, ambao ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sili duniani, walikuwa watengeneza ngozi. Mwaka 1929 walianza kuitumia ngozi yao kutengeneza sili, na katika miaka ya 1930, ilipopatikana raba ya viwandani isiyoliwa na mafuta, ndipo ngozi ilipoanza kuachwa. Baba mdogo hakuwa mshamba. Alikuwa amerudi peke yake, bila kitabu wala mwalimu, pale walipoanzia wenye viwanda.

Lakini ngozi huchakaa. Injini ilipokwama kabisa, wanawake walirudi kwenye mchanga wa korongo na ndoo zao. Alikuwa akiwaona wakipita mbele ya nyumba ya pampu, na wengine walimlaumu kana kwamba yeye ndiye aliyeyanywa maji. Biashara ilianza kufunguka kwa bajeti ya mwaka 1984, iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini bila kuulizwa walikozipata, na spea zikaanza kuonekana tena madukani. Kwa injini ile muda ulikuwa umepita. Ilikuwa imeliwa na kutu. Mwaka 1991, mwaka uliokuwa wa kutimiza ahadi, ilitoka Sera ya Maji iliyowataka wanavijiji nao wachangie na kuitunza miradi yao. Mwaka ule ule hapa Dodoma idara za Maji, Maendeleo ya Jamii na Afya ziliungana na shirika la WaterAid katika mpango ulioitwa WAMMA, na vijiji vikahimizwa kuwa na mfuko wa maji, fedha za kununulia dizeli na spea kabla ya kuharibika kitu. Baba mdogo aliposikia habari za mfuko huo alicheka kidogo. Alisema, "Hicho ndicho nilichokuwa nikiandika."

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za meli iliyopita Ugogo kwa reli. Alipenda kuisimulia, na sikuelewa sababu mpaka usiku ule.

Meli hiyo iliundwa katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, kipande kimoja kimoja, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Basi makasha yale yalipita hapa kusini yetu, kwenye njia ile ile inayopita Kikombo, yakielekea Ziwa Tanganyika. Pamoja na makasha walikuja mafundi watatu wa kiwanda, mkubwa wao akiitwa Anton Rüter. Meli iliteremshwa majini Februari mwaka 1915, vita vikuu vikiwa vimekwisha kuanza.

Mwaka 1916 Wajerumani walilazimika kuikimbia Kigoma. Amri ikatolewa meli izamishwe isije ikachukuliwa na adui. Mafundi wale wangeweza kuivunja mitambo kwa nyundo. Hawakufanya hivyo. Waliipaka mitambo grisi nene, kisha wakaizamisha meli taratibu karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Ilikuwa tarehe 26 Julai 1916. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo yake bado inafaa. Mei mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Mitambo ile ya mvuke iliendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli. Mwaka 1997 iliwarejesha kwao wakimbizi wa Kongo kwa maelfu, na mwaka 2015 iliwabeba Warundi waliokwama ufukweni Kagunga.

Watu husimulia habari hiyo kama ajabu ya vita. Baba mdogo aliisimulia kama mhudumu wa pampu. Kwake yeye shujaa alikuwa grisi. Mafundi wale, alisema, walijua kwamba mtu fulani, hata kama ni adui, siku moja atataka kuizungusha ile shafti, na wakamwachia njia. Yeye aliandika barua tano na hakupata sili mbili.

Asubuhi nilianza kutafuta. Injini ilikuwa haina kibati chake cha shaba chenye namba. Pengine kiling'olewa wakati wa kuipaka rangi. Injini isiyo na kibati ni kama mtu aliyepotezana na ukoo wake: kila unayemuuliza anakisia. Katika duka moja la mjini nilionyesha sili iliyochakaa, muuzaji akaipima kwa macho, akanipa mpya akisema ni ile ile. Kwa nje iliingia sawasawa, ikakaa kitako kama iliyozaliwa pale. Tukafurahi. Tulipowasha, maji yalitoka kwa nguvu kuliko mwanzo. Nyanya zilikuwa zimeanza kunyong'onyea. Mama mjane hakusema kitu. Alikuja tu jioni na ndoo mbili, akamwagilia tuta lake kwa maji ya kuteka kwa kamba.

Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam. Pale Gerezani, kati ya vyuma chakavu na vibanda vya spea, nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye visanduku vingi vya mbao. Nilianza kumweleza aina ya injini, nchi ilikotoka na safari yake ya Mtera. Alinikatiza kwa adabu.

"Mwanangu, sili haijui jina la injini," alisema. "Sili inajua vitu vitatu: unene wa shafti, upana wa nyumba yake na kina chake. Umepima?"

Kwa bahati fundi alikuwa amenipa shafti yenyewe niibebe, imefungwa katika kanga. Mzee alichukua kalipa, akaipima mahali pasipolika. Kisha alinieleza kosa lilipokuwa. Injini ilitengenezwa kwa inchi. Nyumba ya sili ilikuwa inchi moja na tatu ya nane, ambayo ni karibu sawa kabisa na milimita 35. Ndiyo maana sili ya milimita iliingia vizuri kwa nje. Lakini shafti ilikuwa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 na ushee kidogo, na sili niliyouziwa ilikuwa ya milimita 20. Tofauti haikufika milimita moja. Maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Alifungua kisanduku cha inchi, akapekua, akanitolea sili nne zilizofungwa katika karatasi ya mafuta. Alisema nyingi za aina hii sasa hutoka India. Hata zile injini za Lister za mashine za unga, ambazo mlio wake kila mtu anaujua, Dursley kule Uingereza waliacha kuziunda zamani, lakini karakana za Rajkot bado zinaunda mfano wake na spea zake. Bei ya sili zote nne haikufika nauli yangu ya basi.

Fundi alipoipokea shafti alinionyesha kitu kingine. Mdomo wa sili ya zamani ulikuwa umechimba kijito chembamba kwenye chuma. Raba laini ilikuwa imekata chuma kwa kukibusu miaka mingi. Akaiingiza sili mpya ndani kidogo zaidi ya ile ya kwanza, ili mdomo wake ukanyage mahali papya. Akabadilisha na ile ya pili. Akamwaga oili, akasafisha tumbo la injini kwa oili nyepesi mara mbili, akatia mpya. Beringi zilikuwa zimeguswa, lakini hazikufa. Kisha akachukua waya, akalipitisha katika lile tundu mara kadhaa kuhakikisha liko wazi, na akamwita mpwa wangu aje alione.

Vitunguu tulivivuna. Nyanya tulipoteza karibu nusu. Katika mkutano wa kaya tisa nilisimama nikasema kwamba tone lilionekana mapema, kwamba aliyeliona ni mtoto, na kwamba aliyeliziba ni mimi. Nilitaka kulipa fungu la mama mjane. Alikataa, akasema jambo moja tu: kwamba kuanzia siku ile daftari la injini lishikwe na kijana.

Basi daftari liko. Limeandikwa vipimo vya sili, gasketi na beringi, kwa inchi na kwa milimita, na jina la mtaa zinakopatikana. Chini ya benchi kuna bati la biskuti la baba mdogo. Barua zake nilizihamishia kwenye kabati. Ndani ya bati sasa mna sili mbili zilizobaki, katika karatasi yake ya mafuta, zimepakwa grisi. Na kila asubuhi, kabla ya kuiwasha injini, kijana huinama na kulipapasa lile tundu kwa kidole. Likiwa kavu, huandika "kavu". Tone likionekana, mkutano utaitwa siku hiyo hiyo.

Methali ya wahenga siikatai. Nyufa zipo, na za kuziba zizibwe. Ila nimejifunza kuuliza kwanza, kabla ya kutafuta gundi, kama kinachovuja pale ni ufa, au ni mtu ananiandikia barua.